Msitu Nao Ni Chuo, Tusiufunge

Ndugu msomaji, kila mwaka shule zinapofunguliwa husikika mazungumzo mengi juu ya karo, sare, vitabu na matokeo ya mitihani. Mazungumzo hayo yana haki yake, kwani mzazi asiyeiangalia shule ya mwanawe ni sawa na nahodha asiyeliangalia tanga lake. Ila leo ningependa tuzungumzie chuo cha namna nyingine. Chuo hiki hakina madawati wala kengele, wala hakitoi cheti, nacho kimewalea watoto wa jirani zetu wa bara ya Lamu tangu zama ambazo hakuna kalamu iliyoziandika. Chuo chenyewe ni msitu wa Boni. Walimu wake ni wazee, na wazee hao wanatutoka mmoja baada ya mmoja. Wanafunzi wake ni vijana, na wengi katika vijana hao wamekua bila ya kupata nafasi ya kuingia katika chuo cha babu zao. Shauri langu naliweka wazi tangu mwanzo: mlango wa chuo hicho ukifungwa, hasara haitakuwa ya asali na dawa za miti peke yake. Hasara kubwa itakuwa ya vijana wenyewe, afya zao, heshima zao na utulivu wa nyoyo zao.

Jirani ninaowataja ni Waaweer. Wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni, jina ambalo wenyewe hawalipendi kwa kuwa limebeba dharau ya miaka mingi. Vijiji vyao ni kama Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe, Bargoni na Pandanguo, na wengine wako upande wa Ijara katika Garissa. Lugha yao ni ya ukoo wa Kikushi, jamaa na Kisomali, na Kiswahili wanakijua. Ni Waislamu, hufunga Ramadhani kama sisi na huzika maiti wao kama sisi. Kwa asili si watu wa mifugo, ni watu wa asali, mizizi, matunda na mawindo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inazihesabu jamii za asili zinazoishi kwa kuwinda na kuokota kuwa miongoni mwa jamii zilizosukumwa kando, na kifungu cha 56 kinaitaka Serikali iweke mipango ya kuzisaidia zikuze mila na lugha zao. Basi haya niyasemayo hayatoki katika ndoto za mshairi. Yamo katika sheria kuu ya nchi.

Mtu wa mji atauliza: je, msituni hufunzwa nini? Swali hili ni zuri na linastahili jibu. Mtoto hufunzwa majina ya miti, mmoja mmoja, na kazi ya kila mti; upi una mzizi wa kuliwa, upi una gome la kutibu homa, upi ukiugusa utajuta. Hufunzwa kusoma nyayo, ajue mnyama alipita lini na anaelekea wapi. Hufunzwa kwenda pasipo njia na kurudi asipotee. Hufunzwa kunyamaza, jambo ambalo watoto wetu wa mjini hawalijui tena. Hufunzwa kurina asali bila ya kuangamiza mzinga, na akisharina, hufunzwa kugawa, kwani aliyepata leo kesho atakosa na atamhitaji mwenzake. Ukiyatazama vizuri masomo hayo utaona kwamba ni elimu ya mimea, elimu ya wanyama, jiografia na adabu, zote zimefungwa katika furushi moja.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni hekaya. Mchukue mlembe, yule ndege wa asali. Waaweer humwita kwa mbinja, naye huja akawaongoza mpaka penye nyuki. Wao hupata asali, yeye hupata nta na majana. Wazungu kwa muda mrefu walitilia shaka maneno ya aina hii. Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha utafiti wao wa miaka mitatu juu ya warina asali wa Kiborana huko kaskazini ya Kenya. Walikuta kwamba mtu akitafuta mzinga peke yake humchukua wastani wa saa 8.9, lakini akiongozwa na ndege huyo humchukua saa 3.2. Wakaona pia kwamba ndege, kwa sauti yake na mwendo wake, humjulisha mtu upande ulipo mzinga na umbali wake. Warina asali walikuwa wakisema hivyo siku zote. Sayansi ilikuja baadaye ikawashuhudilia.

Nasi tuliosoma chuoni hatuna sababu ya kustaajabu kwamba ndege aweza kuwa mwalimu. Tulikisoma utotoni kisa cha wana wawili wa Adamu, na jinsi kunguru alivyotumwa kuifukua ardhi ili amwonyeshe muuaji namna ya kumsitiri nduguye. Somo la kwanza la maziko mwanadamu alilipokea kwa ndege. Tulisoma vile vile kwamba watu wa Makka, ambao walikuwa watu wa mji na biashara, walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wao wachanga jangwani kwa mabedui, wakapate hewa safi, mwili wenye nguvu na lugha fasaha. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa na Bibi Halima katika Bani Saad. Wazee wa Kikureshi walikuwa wamekwisha kujua kwamba ardhi, afya na lugha ni mambo matatu yanayokwenda pamoja, na kwamba mji peke yake hauwezi kumpa mtoto yote.

Mimi mwenyewe kabla sijajua meza ya darasa nilikaa jamvini mbele ya mwalimu, ubao mapajani, nikasikiliza, nikafuatisha, nikarudia, mpaka mwalimu aliporidhika. Mwalimu naye aliipokea elimu yake kwa mwalimu wake, na huyo kwa wake, mlolongo mrefu wa vinywa na masikio. Waaweer nao hufundishana kwa njia hiyo hiyo. Mjukuu hufuata nyuma ya babu yake; hutazama, hujaribu, hukosolewa, hujaribu tena. Hiyo ni isnadi. Na isnadi ikikatika pahala pamoja, kitabu hakiwezi kuiunga, kwa kuwa elimu yenyewe imo mikononi, machoni na miguuni kabla ya kuwamo katika maneno.

Sasa tutazame jinsi mlango ulivyofungwa, kwani haukufungwa siku moja wala na mkono mmoja. Katika vita vya mashifta, baina ya mwaka 1963 na 1967, Waaweer waliondolewa ndani ya msitu wakawekwa katika vijiji kando ya barabara, na wakahimizwa walime. Mwaka 1976 sehemu kubwa ya ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa za Boni na Dodori. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Marufuku hiyo ilikusudiwa kuwaokoa ndovu na vifaru na majangili wenye bunduki, lakini ilimwangukia pia mzee mwenye upinde aliyekuwa akitafuta kitoweo cha siku moja. Tokea hapo, somo ambalo babu alilipokea kwa fahari alilazimika kumfunza mjukuu wake kwa kujificha, au aliache.

Kisha yakaja mashambulio ya Al-Shabaab. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni 2014, Serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni mwezi wa Septemba 2015, na wenyeji wakazuiliwa kuingia msituni. Walimu walikimbia, na shule za wodi ya Basuba zikafungwa kwa miaka. Watoto wengine walihamishiwa shule ya bweni ya Mokowe, mbali na wazee wao. Fikiri basi, ndugu msomaji, hali ya mtoto aliyezaliwa Mangai wakati huo. Chuo cha msitu kimefungwa kwa sababu ya usalama, na shule ya Serikali imefungwa kwa sababu hiyo hiyo. Hana huku wala hana kule. Akienda mjini anachekwa kwa jina la kabila lake, na akibaki kijijini hana la kufanya ila kukaa barazani kungoja mahindi ya msaada. Kijana anayekaa hivyo mwaka baada ya mwaka huanza kuamini kwamba yeye si kitu. Sihitaji kukueleza yanayofuata, kwani katika miji yetu ya Pwani tumewaona vijana wasio na la kushika jinsi wanavyonaswa na unga na miraa, na jinsi watu waovu wanavyowawinda kwa ahadi za fedha.

Je, ni kweli kwamba kumrudishia kijana ardhi na mila yake humponya moyo? Au ni maneno matamu ya wapenda mila? Tuitazame nchi iliyolipa gharama kubwa kupata jibu la swali hili, nayo ni Kanada. Tangu karne ya 19 mpaka 1996, Serikali ya huko pamoja na makanisa iliendesha shule za bweni kwa watoto wa wenyeji wa asili. Watoto wapatao 150,000 walipitishwa humo. Walikatwa nywele, wakakatazwa lugha zao, wakafundishwa kuwaonea haya wazazi wao, na maelfu walifia huko huko. Tarehe 11 Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi Bungeni, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilimaliza kazi yake, ikauita mpango ule mauaji ya utamaduni na kutoa miito 94 ya kurekebisha mambo. Waliosoma katika shule zile walirudi makwao hawajui kuwinda wala kuvua, na hawawezi kuzungumza na bibi zao. Wengi walizama katika ulevi, na kujiua kwa vijana kukawa msiba wa mara kwa mara.

Silinganishi mambo ya Kanada na shule ya bweni ya Mokowe. Kule nia ilikuwa kuua mila, na hapa nia ilikuwa kuwaokoa watoto na risasi. Tofauti ya nia ni kubwa mbele ya Mungu na mbele ya watu. Lakini nia njema nayo yaweza kumweka mtoto mbali na babu yake kwa miaka mingi, na miaka hiyo hairudi. Kwa sababu hiyo inatupasa kujifunza kwa waliotangulia kuumia.

Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Kanada, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walichapisha utafiti juu ya jamii karibu 200 za wenyeji wa asili katika jimbo la British Columbia. Walihesabu vifo vya vijana waliojiua kuanzia 1987 hadi 1992. Waliyoyaona yaliwashangaza. Watu wakisema kwamba vijana wa kienyeji wanajiua, kana kwamba ni tabia ya kabila. Lakini zaidi ya nusu ya jamii zile hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka ile, na misiba karibu yote ilitoka katika jamii chache. Wakatafuta tofauti ni nini. Walipima mambo sita: kudai ardhi ya asili, kujitawala, kuendesha shule zao, kuendesha huduma za afya, kuwa na polisi na zimamoto wao, na kuwa na majumba ya utamaduni wao. Jamii zilizokuwa na yote sita hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo katika muda ule. Mwaka 2007, wakiwa na mwenzao Hallett, walionyesha kwamba pale ambapo wengi wa jamii walikuwa bado wanazungumza lugha yao, misiba hiyo ilikuwa michache mno au haikuwapo.

Sharti tuwe waadilifu katika kupima ushahidi. Utafiti ule haukusema kwamba safari moja ya msituni huponya huzuni, wala haukusema kwamba mila ni dawa ya kila ugonjwa. Ulionyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, na mtu mwenye akili anajua kwamba kwenda pamoja si lazima moja liwe mama wa jingine. Hata hivyo, ujumbe wake ni mzito. Kijana anayejua alikotoka, na anayeona watu wake wameshika usukani wa mambo yao, huiona kesho yake. Anayeona kesho ana sababu ya kuishi leo.

Tazama tena Wacree wa James Bay, katika jimbo la Quebec. Mwaka 1971 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba itajenga mabwawa makubwa ya umeme katika mito yao bila ya kuwauliza. Wacree walikwenda mahakamani. Wawindaji wazee walisimama mbele ya Jaji Albert Malouf wakaeleza mito, samaki, wanyama na majira, na tarehe 15 Novemba 1973 jaji akaamuru kazi isimame. Amri yake ilitanguliwa na mahakama ya rufani baada ya wiki moja, lakini serikali ilikuwa imekwisha kuona kwamba watu hawa wana hoja, na mnamo Novemba 1975 ukatiwa saini mkataba. Aliyewaongoza Wacree, Billy Diamond, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyesoma shule ya Kizungu. Kiingereza alikipata darasani. Hoja alizipata kwa wazee. Angelikosa kimoja, kingine kisingetosha.

Kutokana na mkataba huo Wacree walipata bodi yao ya shule, iliyoundwa mwaka 1978. Kila majira ya kuchipua bata bukini wa mwituni wanaporudi kutoka kusini, shule zao hufungwa kiasi cha wiki mbili. Familia hutoka zikaenda kambini. Watoto hukaa na babu na bibi, hujifunza kuwinda, kunyonyoa, kuchoma na kugawa, na lugha inayozungumzwa ni Kicree. Hiyo si likizo ya kucheza, imo katika kalenda ya shule. Tena uko mpango, ulioanza 1976, unaozilipa familia zinazoishi kwa kuwinda, mradi zikae porini siku zisizopungua 120 kwa mwaka. Na huko Northwest Territories kiko chuo cha Dechinta, ambako vijana wa Kidene hujifunza kuvua samaki na kutengeneza ngozi pamoja na historia na siasa; wazee ni walimu, wanafunzi huja na watoto wao, na masomo yao hutambuliwa na chuo kikuu.

Nazisikia pingamizi, na si haki kuzipita kimya. Pingamizi la kwanza ni hili: je, mnataka kuwarudisha watoto porini ilhali ulimwengu unakwenda mbele? La hasha. Hakuna anayetaka mtoto wa Kiaweer asijue hesabu, Kiswahili na Kiingereza. Nataka awe daktari, na awe daktari anayejua pia mti ambao bibi yake alimtibia. Sisi wenyewe tulisoma chuo asubuhi na shule baadaye, na hakuna aliyesema kwamba msahafu ulituzuia kujua kuzidisha na kugawanya. Mwenye macho mawili haambiwi achague moja.

Pingamizi la pili ni la wanyama. Watu wa hifadhi husema kwamba ukiwafungulia watu msitu, wanyama watakwisha. Mimi siombi mishale irudi kwa wanyama. Marufuku ya mwaka 1977 bado ipo na sheria ya mwaka 2013 imeikaza. Naomba asali, mizizi, dawa, nyayo na majina ya miti, mambo ambayo yanaweza kufunzwa pasipo kumwaga damu. Lakini nauliza na hili: msitu huu ulitunzwa na nani kabla ya hifadhi kutangazwa? Kamera zilizotegwa na wataalamu ndani ya msitu wa Boni na Dodori zilionyesha kwamba paa nunga, mnyama aliyedhaniwa karibu amekwisha duniani, bado yumo humo kwa wingi. Waaweer walikaa naye miaka yote hiyo. Mtu hawi mharibifu wa nyumba aliyoilinda.

Pingamizi la tatu hutoka kwa baadhi ya ndugu zetu wa dini, wanaosema kwamba mambo ya msituni ni ushirikina. Jibu langu ni kwamba tupambanue. Likiwapo la kupinga, wanavyuoni wa Waaweer wenyewe wapo na watalisema. Lakini kujua kwamba mti fulani hutibu, na kwamba ndege fulani huongoza penye asali, ni kuzijua neema za Mwenyezi Mungu. Mjinga wa ardhi hana ucha Mungu zaidi ya mjuzi wake.

La nne ni usalama, na hili ndilo gumu. Serikali ina wajibu wa kuilinda mipaka na roho za watu, na askari wengi wamekufa katika msitu huo. Lakini msitu ni mkubwa. Ziko sehemu zilizo karibu na vijiji ambazo wazee na wakuu wa usalama wanaweza kukubaliana juu yake, kwa siku maalumu na kwa idadi maalumu ya watu. Tena askari mwenye busara anajua kwamba mwenyeji anayeujua msitu, na anayeona kwamba Serikali inamheshimu, ni jicho bora kuliko mitambo mingi.

Basi naleta mashauri yangu kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu, kwa Wizara ya Elimu na kwa wazee wenyewe. Kwanza, kalenda ya shule za vijiji vya Waaweer ipewe nafasi ya wiki chache katika msimu wa asali, watoto watoke na wazee, na wakirudi waandike na kuchora waliyoyaona. Msimu huo wautaje wazee, usitajwe na ofisi ya Nairobi. Pili, wazee hao walipwe. Tunamlipa mwalimu wa kompyuta na kocha wa mpira. Kwa nini mwalimu wa miti afundishe bure hali ana njaa? Tatu, Kiaweer kitumike katika madarasa ya mwanzo. Mtaala wa umilisi ulioanza rasmi mwaka 2019 unataka mtoto wa madarasa hayo afundishwe kwa lugha ya mahali pake, basi hapahitajiki sheria mpya, panahitajika vitabu na walimu. Nne, kila shule iwe na daftari la majina ya miti, ndege na visima kwa Kiaweer na Kiswahili, liandikwe na watoto wenyewe kwa kuulizia wazee wao.

Tano, na bila ya hili manne ya kwanza ni maji juu ya jani la myugwa, suala la ardhi litatuliwe. Katiba, kifungu cha 63, inazihesabu ardhi za asili za wawindaji na waokotaji kuwa ardhi ya jumuiya, na sheria ya ardhi za jumuiya ipo tangu mwaka 2016. Tumeona yaliyowapata Waogiek wa Mau. Walihangaika miaka mingi, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki zao za ardhi, dini na utamaduni. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Hakuna haja ya kuwangoja Waaweer nao wapande basi la Arusha. Bandari ya Lamu ilifunguliwa gati yake ya kwanza Mei 2021, barabara zinakuja, na bei ya ardhi inapanda. Asiyekuwa na hati wakati kama huo huamka akakuta ua umepita katikati ya mzinga wake.

Na sisi watu wa pwani na visiwa tusidhani kwamba habari hii ni ya wengine. Ni vijana wangapi wa Kiswahili na Kibajuni leo wanaojua kuhesabu miongo tangu Nairuzi? Ni wangapi wanaojua siku za bamvua na siku za maji mafu bila ya kutazama simu, au wanaoweza kukuambia umande utaanza saa ngapi na matlai yatakuja lini? Bahari ilikuwa chuo chetu kama msitu ulivyo chuo cha Waaweer. Baba alimchukua mwanawe chomboni akiwa na miaka saba, akamfunza nyota na miamba kabla hajamfunza kushika usukani. Wanaojua bado wapo, katika Kizingitini, Faza, Siyu, Vanga na kwingineko. Wamo hai, na hakuna anayewauliza.

Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani kwako, mpe mjukuu wake wakati wa kufuatana naye. Ukiwa mwalimu, mwalike darasani, umpe kiti na umpe heshima unayompa mkaguzi wa shule. Ukiwa mjini Lamu au Mombasa na ukakutana na kijana wa Kiaweer, mwite kwa jina la watu wake, na umwulize juu ya msitu kama mtu anayetaka kujifunza. Waheshimiwa wa kaunti wao wana bajeti na wana mamlaka, na mwaka ujao wa shule hauko mbali. Watoto wa Basuba wametolewa mara nyingi sana katika orodha. Safari hii kalenda iandikwe nao wakiwamo.